Mguu Mrefu kwenye Ukingo wa Mtaro

Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ikifika saa kumi na moja jioni, Naoki Tamanaha alikuwa uani kwa Mwalimu Zukeran, peku, akitembea ubavu ubavu kama kaa. Hatua tatu kulia, hatua tatu kushoto. Magoti yamelegea kidogo, miguu haijatanuka sana, mgongo wima. Zoezi hilo linaitwa naihanchi. Naoki alikuwa amelifanya miaka minne, mpaka akawa analiota.

"Tena," alisema Mwalimu Zukeran.

"Mwalimu, leo nimeshafanya mara thelathini."

"Kwani nimekuuliza hesabu? Tena."

Mwalimu Zukeran alikuwa fundi wa mapaa, mpanga vigae vyekundu, na karate aliifundisha hapo hapo uani kwake, kati ya kamba za nguo na marundo ya vigae vilivyobaki kazini. Hapakuwa na kioo wala zulia. Wanafunzi walikuwa watano, lakini tangu mwaka jana walibaki wanne. Aliyeacha ni Genta Yonamine, mvulana wa miaka kumi na minne, mkubwa wa Naoki kwa miaka miwili.

Genta hakuacha kwa uvivu. Baba yake alikuwa fundi mwenzake Mwalimu Zukeran. Mwezi wa kumi mwaka jana, baada ya kimbunga, wawili hao walikuwa juu ya paa la mtu wakibadilisha vigae. Bwana Yonamine akateleza, akaanguka, na hakuamka tena. Mama yake Genta alikuwa ameshaolewa kwingine, huko Osaka. Basi Genta akabaki na bibi yake, Bibi Kamado. Tangu siku ile hakukanyaga tena ua ule, na Mwalimu Zukeran naye hakupanda tena paa. Alikaa chini akichanganya chokaa, wengine wakapanda.

Sasa Naoki alikuwa na siri yake. Mwezi wa tano alikwenda kwenye mashindano ya wilaya pamoja na timu ya shule. Huko waamuzi wanapenda kile ambacho watoto wanakiita mguu mrefu: mguu wa mbele umekunjwa, wa nyuma umenyooshwa kama mpini wa jembe, kiuno kimeshuka karibu na sakafu. Unapendeza machoni, hakuna ubishi. Mwalimu Zukeran hakufundisha hivyo. Naoki alijifundisha mwenyewe chumbani, akitazama video kwenye simu ya mama yake, na akashika nafasi ya pili. Akaja uani na medali shingoni.

Mwalimu aliitazama medali. "Hongera," alisema, kisha akaendelea kukwangua chokaa kwenye mwiko wake.

Basi. Hongera moja, kavu. Naoki aliumia moyo, akaamua kwamba mzee ana wivu.

Wiki iliyofuata, mtu mmoja akaonyesha video ya mashindano kwenye ujia wa shule. Watoto wakakusanyika. Naoki alijifanya hana habari, lakini masikio yote yalikuwa huko. Genta alikuwa anapita. Akachungulia juu ya vichwa vya wenzake, akamwona Naoki kwenye simu, ameshuka chini na mguu wake mrefu.

"Huyu vipi?" Genta aliuliza. "Amedondosha sarafu ya yen kumi, anaitafuta?"

Ujia mzima ulicheka. Hata rafiki zake Naoki walicheka, tena wao ndio waliocheka zaidi. Kuanzia siku hiyo akaitwa Yen Kumi. Yen Kumi, umeiona? Yen Kumi, tazama chini ya dawati! Genta mwenyewe alilisema mara moja tu akasahau. Naoki hakusahau.

Nyuma ya mashamba ya miwa kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua, na ukingo wake wa zege ulikuwa njia ya mkato ya watoto wote wa kijiji. Upana wake ni viatu viwili vikiwekwa sambamba. Upande mmoja miwa imekuwa mirefu kuliko mtu, upande wa pili maji yanakimbia. Naoki alijua kwamba kila siku Genta hupita hapo akitoka dukani. Siku moja ya mwanzo wa mwezi wa saba, mvua ikinyesha, akaenda kumngoja.

Genta alikuja amebeba mfuko wa tofu, ile jibini laini ya soya, na matango machungu. Alipomwona Naoki katikati ya ukingo, alisimama.

"Nipishe, Yen Kumi. Nalowa."

"Rudia ulivyoniita."

"Nirudie nini? Mvua inanyesha, bibi anasubiri tofu." Genta alimtazama vizuri usoni, akaona kwamba si mchezo. "We Naoki, ndio umekasirika kweli? Nilikuwa natania tu. Haya, samahani. Nipishe basi."

Mambo yangeweza kuishia hapo. Mtu ameomba radhi, unampisha, kila mtu anakwenda kwao kula. Lakini Naoki alikuwa ameipanga siku ile wiki nzima, na ndani ya kichwa chake haikuishia kwa samahani.

"Unaogopa," alisema.

"Ndiyo, naogopa. Naogopa kuangukia mtaroni. Toka."

"Pigana."

"Mtu gani anapigana juu ya mtaro? Una akili wewe?"

Naoki akatafuta neno la kumchoma. Alilipata upesi, maana maneno mabaya huwa hayajifichi mbali.

"Baba yako naye angejua kusimama, asingedondoka paani kama kigae."

Genta aliinama, akauweka mfuko wa tofu juu ya zege, polepole, kama mtu anayeweka mayai. Kisha akaja.

Naoki alishuka kwenye mguu mrefu. Ulikuwa mzuri, hata waamuzi wangetikisa kichwa kwa kuridhika. Akatupa ngumi. Genta aligeuza ubavu, ile ngumi ikapita mbele ya kifua chake. Akapiga hatua ndogo, nusu tu, na goti lake likaliegemea goti la Naoki kutoka upande wa nje. Hakurusha ngumi. Hakurusha teke. Aliegemea tu, na uzito wake wote ukamfuata.

Naoki alitaka kuondoa mguu, akakuta hauondoki. Mwili mzima ulikuwa umekaa juu ya mguu wa mbele, na ule wa nyuma ulikuwa mbali huko, umenyooka, hauna msaada wowote. Goti lilikwenda ndani. Likatoa mlio kama muwa unaokatwa, naye akaanguka kwenye matope ya shamba akipiga ukelele.

Hasira ya Genta ilikatika papo hapo. "Naoki! We Naoki! Limefanya nini? Nionyeshe!" Alipoona goti linavimba, akageuza mgongo na kuchuchumaa. "Panda. Panda, nimesema! Nishike shingo."

Akambeba mgongoni, kwenye mvua, mpaka zahanati iliyo barabarani, mwendo wa dakika ishirini. Njiani Naoki alisikia tu Genta anavyohema. Tofu ilibaki ukingoni.

Daktari alisema kano ya upande wa ndani wa goti imechanika. Wiki sita na magongo, baada ya hapo wataona. Mama yake Naoki alikuja mbio kutoka jikoni kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, kofia ya plastiki bado kichwani.

"Nani kakufanya hivi?"

Genta alikuwa ameshaondoka, kamkimbilia bibi yake. Naoki alimwangalia mama, akamwangalia daktari. Aseme nini? Kwamba yeye ndiye aliyekwenda kumngoja mwenzake? Kwamba mguu wake wa medali ulivunjwa na mtu ambaye hata ngumi hakurusha? Kwamba alisema neno lile?

"Genta," alisema. "Alinipiga teke kwa nyuma. Nilikuwa natembea tu."

Uongo huo ulikuwa mwepesi kutoka. Na kutembea ukawa mwepesi zaidi.

Kesho yake ulifika shuleni. Genta aliitwa na mwalimu mkuu, akaulizwa, akakaa kimya. Akaulizwa tena, kimya. Mtu asiyejibu huonekana ana hatia, basi ikaandikwa kwamba ana hatia. Jioni uongo ukafika kwenye ukumbi wa kijiji, na huko ndiko ulikofanya kazi yake mbaya zaidi.

Mwezi wa nane ni Bon, siku tatu ambazo wafu wanarudi nyumbani kula na watu wao. Siku ya tatu vijana wa kijiji wanapita nyumba kwa nyumba wakipiga ngoma na kucheza, ili kuwasindikiza warudi walikotoka. Mwaka huu marehemu Bwana Yonamine angerudi kwa mara ya kwanza, na Genta alikuwa amechaguliwa kubeba ngoma kubwa. Alifanya mazoezi tangu mwezi wa tatu, viganja vikatoka malengelenge. Ngoma ile ndiyo ingepigwa mbele ya mlango wa nyumba yao.

Kazuma, kiongozi wa vijana, alimwita Genta mbele ya wote. "Kuna kitu unataka kusema?"

"Hapana, kaka."

"Mtu anayempiga mdogo wake kwa nyuma hawezi kubeba ngoma mbele ya wafu. Unajua hilo."

"Najua, kaka."

Genta akavua mkanda wa ngoma, akaukunja, akauweka juu ya meza. Akatoka.

Habari hiyo aliileta Chinami, dada yake Naoki mwenye miaka sita, aliyekuwa akichungulia dirishani ukumbini. Naoki alikuwa amelala kwenye godoro, goti limefungwa. Akageukia ukutani.

Siku ya tatu baada ya goti kuumia, Bibi Kamado alikuja. Alikuja na mvua, na mwavuli uliovunjika kijiti kimoja, na kopo la maandazi ya sukari guru aliyoyakaanga mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akapiga magoti mbele ya mama yake Naoki, akainama mpaka paji la uso likagusa jamvi.

"Sijui nikwambie nini, mwanangu. Mjukuu wangu ameniaibisha."

"Bibi, inuka, tafadhali."

Hakuinuka. "Nimemuuliza. Nimempiga hata, kwa mkono wangu huu. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Tangu baba yake afe, sijui ndani ya yule mtoto mnaendelea nini." Akageukia godoro, akainama tena, safari hii kwa Naoki. Mwanamke wa miaka sabini na nane akimwinamia mtoto wa miaka kumi na miwili. "Tusamehe, mjukuu wangu."

Naoki aliona mvi zake, na shingo nyembamba, na madoa ya mafuta ya kukaangia kwenye mkono. Angeweza kusema wakati ule. Neno moja tu lingetosha. Badala yake akasema, "Si kitu, Bibi," kama vile yeye ndiye mwenye kusamehe.

Bibi Kamado alipoondoka, Chinami alikula maandazi manne. "Matamu," alisema. "Kaka, huli?"

"Sitaki."

"Kwa nini unalia sasa?"

"Goti linauma. Toka hapa."

Mvua haikukatika wiki ile. Nguo hazikukauka, kuta ziliota ukungu, na nyumba nzima ilinuka kama kitambaa cha kudekia. Rafiki zake Naoki walikuja kumwona, wakamtukana Genta mpaka wakachoka. "Mwoga yule! Teke la nyuma! Angekuja mbele, ungemmaliza." Naoki aliitikia kwa kichwa. Walipotoka akajifunika shuka, ingawa kulikuwa na joto.

Mwalimu Zukeran alikawia. Alikuja siku ya kumi, mchana, akakaa kwenye kibaraza miguu ikining'inia nje. Alikunywa chai aliyopewa, akatazama mvua. Kisha akasema, "Hebu nione goti."

Naoki akajikokota mpaka kibarazani. Mwalimu alifungua bendeji polepole. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vimepasuka kwa chokaa, lakini vilishika kwa upole. Akabonyeza nyuma ya goti. "Hapa?"

"Hapana."

Akabonyeza upande wa ndani. Naoki aliruka.

"Hapa," alisema Mwalimu. Akalifunga goti tena. "Simama na magongo yako. Nataka kukuonyesha kitu."

Akavua koti, akasimama mbele yake kibarazani. Alisimama kama mtu anayengoja birika lichemke: miguu karibu karibu, magoti yamelegea. "Nisukume kwa gongo. Kwa nguvu."

Naoki akasukuma kifuani. Mwalimu aligeuka kidogo, gongo likapita hewani, na Naoki angeanguka kama mzee hangemdaka kwapani.

"Uliniona nimesimama namna gani?"

"Umesimama tu, Mwalimu. Kawaida."

"Ndiyo hiyo. Miaka minne nakufundisha hiyo kawaida, na wewe unaona nakucheleweshea mambo mazuri." Kisha yule mzee, na mgongo wake mbovu, akashuka kwenye mguu mrefu, safi kabisa, chini kuliko Naoki alivyowahi kushuka. Naoki alishangaa. Mwalimu akainuka papo hapo, mkono kiunoni. "Unafikiri siujui? Huu si ubaya. Una kazi yake. Ukimwingia mtu, uzito wako unashuka kwake, unakuwa hivi kwa kufumba na kufumbua, halafu unatoka. Ni mahali pa kupita. Waamuzi wanataka ukae ili wapate kukutazama. Adui anataka ukae ili apate goti lako."

Naoki aliangalia bendeji ya goti lake.

"Sasa nisikilize. Goti likipigwa teke kwa nyuma, linakunja tu. Mtu anakwenda chini kama anayepiga magoti. Labda atachubuka. Kano ya ndani haichaniki hivyo. Inachanika mtu akiwa amekaa kwenye mguu mrefu, mguu umeota mizizi, na mwenzake akaegemea kutoka nje." Akamtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Genta nilimfundisha mimi kuegemea vile. Najua kazi yangu nikiiona."

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye ukingo wa paa, tone baada ya tone. Naoki alitamani mama aite, au simu ilie.

"Kwa nini hukumwambia mtu?" aliuliza mwishowe, sauti ndogo.

"Nikisema mimi, wewe utabaki mwongo aliyekamatwa. Nimekungoja siku kumi useme mwenyewe. Sina subira tena, na Bon imebaki wiki tatu. Ilikuwaje?"

Naoki alisema. Alisema kumngoja ukingoni, samahani ya Genta, ngumi, kubebwa mgongoni. Halafu akakwama.

"Genta ninamjua," alisema Mwalimu. "Umemwita mwoga, atacheka. Umemtukana yeye, atakutukana zaidi. Hapigani kwa bure. Ulimwambia nini?"

Naoki aliyasema yale maneno huku ameangalia magongo.

Mwalimu Zukeran hakumpiga, hakufoka. Ingekuwa heri angefoka. Alikaa chini polepole kwenye kibaraza, kama mtu aliyekatwa miguu, akafunika uso kwa viganja vyake viwili. Naoki hakujua afanye nini na mikono yake.

"Nilikuwa nimemshika baba yake ukosi," mzee alisema nyuma ya viganja. "Ukachanika."

Baadaye akajifuta uso kwa koti. "Sasa unajua kwa nini mtoto yule hasemi. Ili ajitetee, itabidi arudie maneno yako mbele ya bibi yake. Amekubali kuitwa mwoga ili yule bibi asiyasikie. Mimi nina kosa langu: nilikuona unaukimbilia ule mguu wa mashindano nikanyamaza, nikasubiri ujifunze kwa kuumia. Hicho ni kiburi cha mwalimu. Kosa langu nimelisema. La kwako ulikwishalisema kwangu. Bado wanaostahili kulisikia."

"Nitawaambia ukumbini, Mwalimu."

"Ukumbini ndiyo. Lakini nani alikuja kukuinamia hapa?"

Naoki akatamani jamvi limmeze.

Jioni ile ile mama yake alimpeleka kwa Bibi Kamado. Naoki alikuwa ameshamwambia mama yote. Genta ndiye aliyefungua mlango. Alipomwona Naoki na magongo yake, akafahamu.

"Usiseme," alimnong'oneza kwa ukali. "We! Usiseme hapa."

"Nani huyo?" Bibi Kamado aliita kutoka jikoni. "Waingie, wanalowa."

Naoki hakuweza kupiga magoti, goti halikukunja. Alisimama mbele ya bibi yule na mbele ya picha ya Bwana Yonamine iliyowekewa kikombe cha chai na tunda, akainamisha kichwa tu. Aliyasema yote. Lile neno alitaka kulipita juu juu, lakini Bibi Kamado aliuliza, "Ulimwambia nini kuhusu baba yake?" Ikambidi alitamke. Genta aligeuza uso.

Sufuria ilikuwa ikichemka jikoni na hakuna aliyeikimbilia.

"Mwanangu alikuwa juu ya mapaa miaka ishirini na tatu," alisema Bibi Kamado. "Alijua kusimama. Mbao chini ya vigae ilikuwa imeoza. Huwezi kuiona kwa juu." Hakumwangalia Naoki. Alimwita mjukuu wake, akaushika mkono wake mkubwa, ule mkono alioupiga, akaupapasa. "Na mimi nikakuchapa. Nikakuchapa, mjukuu wangu, na wewe ukanyamaza."

"Haikuuma, Bibi," alisema Genta, na sauti ikamvunjika.

Bibi Kamado alimwambia Naoki, "Nenda nyumbani sasa." Hakusema amesamehe. Naoki akaenda.

Kesho yake ukumbini, mbele ya vijana ishirini na wazee watatu, alirudia tena. Mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Mtu mmoja alicheka kwa dharau. Kazuma alikuwa mwekundu mpaka masikioni, maana yeye ndiye aliyehukumu.

"Toka," alimwambia Naoki. Kisha akauchukua ule mkanda wa ngoma kutoka kwa kijana aliyekuwa amepewa, akaenda nao mwenyewe, kwa miguu, kwenye mvua, mpaka kwa kina Yonamine. Watu waliokuwa njiani walimwona ameinama mlangoni muda mrefu kabla ya kufunguliwa.

Shuleni hakuna aliyemwita tena Yen Kumi. Hakuna aliyemwita kitu chochote. Rafiki zake walikaa meza nyingine. Daktari naye akasema goti litapona, lakini halitakuwa kama zamani. Mguu mrefu asahau.

Siku ya tatu ya Bon, jua likiwa linazama, vijana waliingia kwenye uchochoro wa kina Yonamine. Naoki hakuthubutu kusogea. Alisimama mbali, kwenye kona ya ukuta wa mawe, na gongo moja. Mwalimu Zukeran alikuja akasimama kando yake. Bibi Kamado alikuwa mlangoni amevaa nguo yake nzuri.

Genta alikuwa mbele. Ngoma ilikuwa kubwa kuliko kifua chake. Aliiinua, akapiga mguu chini, akapiga ngoma, na sauti yake ikaingia hata kwenye mawe ya ukuta. Alikuwa analia waziwazi wala hajifuti, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Mwalimu," alisema Naoki, "atanisamehe?"

"Sijui."

"Nifanye nini basi?"

Mwalimu Zukeran hakuondoa macho kwa Genta. "Kupigana ukingoni ulikuwa ujinga, na ujinga umeulipia mwenyewe kwa goti lako. Ukikutana na mtu mahali pabaya, rudi nyuma, zunguka barabarani, fika nyumbani mzima. Hiyo ndiyo karate niliyokufundisha, nyingine ni ziada. Lakini uongo ni kitu kingine. Uongo hulipwa kwanza na mtu mwingine, ndiyo maana mdomoni unaonekana mwepesi. Wewe ulilala kwenye godoro, mtoto yule akalipa, na bibi yake akalipa. Kila ukitaka kudanganya tena, jiulize kwanza: hii atalipa nani?"

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini kama nikimwendea kesho, nikamwambia..."

"Naoki." Mzee akamwekea mkono begani, mzito. "Kusema kweli ilikuwa kazi yako, na umeimaliza. Kusamehe ni kazi yake, usimharakishe. Sasa nyamaza, mwache mtoto ampigie baba yake ngoma."

Naoki akanyamaza.